Digrii Sitini Zinanitosha

Jumatatu, 4 Agosti

Mimi ndiye mchezaji bora kuliko wote waliowahi kukalia kiti chenye magurudumu. Si mtaani tu. Duniani! Ningeongeza na mbinguni, ila sina uhakika kama kule kuna umeme. Shule niliacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Jina langu la vita ni Jicho la Mwewe. Nimejipa mwenyewe. Watu bado wanalizoea.

Ufalme wangu ni chumba cha gemu cha Mjomba. Kompyuta nane, feni moja, pazia lililoungua kona. Kushoto duka la fundi miwani, kulia bucha. Asubuhi nafagia, nawasha mashine, kisha nafundisha wateja mchezo wetu mkubwa, Ghala Kuu. Humo unaona kwa macho ya mpiganaji mwenyewe: mbele yako ni mikono yako miwili na bunduki ya rangi, basi. Unakimbia vichochoro vya ghala na kuwapaka wenzako rangi kabla hawajakupaka wewe. Bingwa ni mimi. Tangu lini? Tangu.

Leo Mjomba katangaza. Jumamosi tunapambana na chumba cha gemu cha ghorofani, ng'ambo ya barabara. Wawili kwa wawili. Nusu saa, mapumziko ya maji, nusu saa nyingine. Kiti kimoja ni cha Fundi Baiskeli, mtu mzima asiyesema na asiyekosa. Cha pili? Macho yote yakanigeukia. Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayevishwa taji.

Mjomba akasema kiti cha pili kitagombewa Ijumaa, muda uleule, saa nzima. Mimi na binti wa mama mdogo.

Nani?!

Yule yule! Kaja juzi kujifunza kazi kwa fundi miwani. Nimemzidi mwaka mmoja. Bibi kampa kitanda changu cha dirishani, eti mgeni. Sasa leo saa ya chakula kapita kumsalimia Mjomba, kakaa kiti namba sita, kauliza mtu anarukaje humu, na baada ya saa moja alikuwa kapaka rangi watu kumi na wanne. Mimi mara mbili. Sawa, tatu. Mjomba akapiga makofi. Mimi katika miaka yote hii sijapigiwa hata kofi moja, isipokuwa lile la usoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji naumwa.

Wivu sina. Naandika tu.

Ila kuna jambo. Hili hata Bibi halijui. Nikicheza dakika ishirini, kichwa kinaanza kuzunguka, mate yanajaa mdomoni, tumbo linapanda ngazi. Kwa hiyo kila dakika ishirini nasimama na kutangaza kwamba natoka kuangalia hali ya hewa. Watu wanadhani nina kipaji cha mvua. Na Ijumaa ni nusu saa, tena nusu saa.

Yeye kacheza saa nzima kisha akaomba andazi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempeleleza. Nilijifanya nafuta vumbi kiti namba tano. Nimefuta mpaka rangi ikatoka.

Nimemkamata! Kabla ya kucheza anaingia kwenye mipangilio. Kuna mstari umeandikwa upana wa kuona. Mashine zetu zote huwa digrii sitini. Yeye kausukuma mpaka tisini na tano! Kisha kazima mtikisiko wa kichwa, ule unaofanya picha idunde kila mpiganaji anapopiga hatua. Ndipo akaanza kupaka watu rangi bila hata kupepesa.

Nikapiga kelele za wizi. Mjomba akaja na mswaki mdomoni. Nikamweleza kuwa binti anatumia ndumba za mipangilio. Mjomba akatazama, akasema hiyo kitu iko wazi kwa kila mtu, hata kwangu, ningekuwa nasoma. Watu wakacheka. Muuza bucha alicheka kuliko wote, na yeye hajui kusoma hata mizani yake.

Binti akaanza kunieleza, taratibu, kama anampimia macho mzee. Akasema ukikaa karibu na kioo huku picha ni nyembamba, ni sawa na kukimbia huku unachungulia kwenye tundu la kitasa. Macho yanaona ghala linakwenda mbio na kuyumba, mwili unajua umekaa kitini, kichwa hakijui kimwamini nani. Basi tumbo ndilo linalolipa. Ukipanua, unaona na pembeni, kuyumba kunapungua. Akasema hakuna namba ya watu wote, kila mtu ana yake, ndiyo maana wenye mchezo wameuacha mstari usogezwe. Kisha, mbele za watu, akaniuliza: kaka, nikuwekee?

Kaka! Kwa adabu kabisa! Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama ile adabu.

Nikamjibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Nikamwambia ukipanua, maadui wanakuwa wadogo kama kunguni, na mimi napenda maadui wakubwa, wenye mapua. Sitini zinanitosha. Msusi wa saluni ya nyuma, mteja wa kiti namba nne, akauliza kama ndiyo maana yeye akicheza hapa hujisikia kama ana mimba. Nikamwambia hilo aulizane na mume wake.

Kisha nikatoka kuangalia hali ya hewa. Kavu. Nikaziegemea ndoo za bucha kwa muda.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya mazoezi ya siri. Tatizo ni tumbo, basi tulifundishe tumbo.

Asubuhi nimetafuna kipande cha tangawizi kikubwa kama dole gumba la Fundi Baiskeli. Nikafunga kitambaa kibichi shingoni. Nikaweka ganda la limau chini ya ulimi. Nikaanza kucheza. Dakika ya kumi na nane, tumbo likaanza ngazi kama kawaida, safari hii limebeba tangawizi.

Mbinu ya pili: jicho moja. Nikafumba la kushoto. Mpiganaji wangu akakata kona ya kulia, mimi nikakata naye, kiti kikakata kushoto. Nimeanguka na feni. Muuza bucha alikuja na kisu kudhani kuna mwizi.

Mbinu ya tatu: Bibi. Nikarudi nyumbani, nikamuuliza kijanja, si kwa ajili yangu, kuna rafiki yangu akicheza anasikia kichefuchefu, afanyeje? Bibi akauliza huyo rafiki anacheza mpira? Hapana, Bibi. Anapanda gari? Hapana. Anabebwa? Hapana, Bibi, amekaa kitini anatazama. Bibi akaweka sufuria chini. Akaniambia katika maisha yake kaona watu wanatapika kwa homa, kwa pombe, kwa safari na kwa mimba. Mtu wa kutapika kwa kukaa kitini ndiyo kwanza anamsikia. Akasema nikimwona huyo rafiki nimwambie siku akisimama atakufa.

Binti wa mama mdogo alikuwa anamenya viazi palepale. Hakucheka. Aliinama tu juu ya beseni na mabega yakawa yanatikisika. Kisha akasema, kama anaongea na viazi, kwamba huyo rafiki asogeze tu mstari, ni sekunde mbili, na asogee nyuma kidogo na kiti. Bibi akamsifu kwa akili. Akampa kipande cha nyama cha kuonjea kabla chakula hakijaiva!

Mimi kuonja nilikatazwa tangu nikiwa na meno ya utoto.

Nimelala mchana kwa hasira. Kitanda cha ukutani. Ukuta una joto.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimefanya jambo la werevu wa hali ya juu, na limeharibika kwa bahati mbaya tu.

Mpango: kama sitini zinaniumiza mimi, simba, basi hamsini zitamfanya nini swala? Nimefika kabla ya mtu yeyote. Nikawasha namba sita, kiti chake. Nikavuta mstari mpaka mwisho wa chini. Hamsini! Mtikisiko wa kichwa nikauwasha mpaka juu. Ule ukungu wa picha unaokuja ukigeuka haraka, nao juu. Nikajaribu hatua tatu tu, nikalazimika kushika meza. Safi kabisa! Kisha nikawasha zile saba nyingine, nikafagia nikiimba.

Sasa, kuna kitu Mjomba alinieleza siku ya kwanza ya kazi. Na ya pili. Yeye ni mvivu wa kupanga mashine nane moja moja, kwa hiyo kaziunganisha: ile inayowashwa kwanza asubuhi ndiyo mama, nyingine zinanakili mipangilio yake. Ndiyo maana siku zote nawasha ya kwangu kwanza. Ndiyo maana chumba kizima huwa sitini.

Leo nimeanza na namba sita.

Saa nne walikuwa wamejaa. Saa nne na robo muuza bucha akasimama, akashika ukuta, akauliza nani anautikisa. Mtu huyu anachinja ng'ombe huku anapiga mluzi! Msusi akavua viatu, akalala sakafuni, akasema anataka aone kitu kimoja ambacho hakisogei. Vijana wawili wa kiti cha saba na cha nane walitoka mbio kwa pamoja na wakabanana mlangoni. Mmoja hakufika. Mimi na ndoo, mimi na tambara. Mjomba akanusa hewa, akauliza ni nani alikula nini.

Binti akaingia wakati wake wa mapumziko. Akakaa namba sita. Akakunja uso. Bonyeza, sukuma, bonyeza. Akaanza kucheza! Sekunde mbili! Nilijipinda asubuhi nzima kwa ajili ya sekunde mbili!

Kisha akatazama wale majeruhi. Akapita kiti kwa kiti, akasogeza mstari, akamwambia huyu avute kiti nyuma, akamwambia yule apumzishe macho kwenye mlango. Kwa msusi akajaribu themanini na tano, kisha mia, akimuuliza kila mara anajisikiaje, mpaka msusi akasema hapo, hapo hapo, mwanangu. Baada ya nusu saa chumba kizima kilikuwa kinapakana rangi kwa raha. Hakuna aliyetoka nje. Hakuna! Ndipo nikagundua kwamba kumbe miaka yote wateja wetu walikuwa na desturi ya kutoka kupunga hewa, na mimi nilidhani wanapenda mtaa.

Sasa wanamwita Daktari. Siku ya nne tu chumbani humu! Mimi natafutia jina langu la vita watumiaji mwaka wa pili.

Jambo jema moja. Mchana nilikaa kwenye mashine yangu nikacheza dakika arobaini. Arobaini! Kichwa maji ya mtungi. Tumbo limetulia chini kabisa, halijui hata kama kuna ngazi. Ghala lilikuwa kama limefunguliwa madirisha. Tangawizi imefanya kazi! Ilihitaji tu siku moja ya kuingia kwenye damu.

Kesho namzika.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa tisa alasiri. Chumba kimefurika. Bibi mwenyewe kaja, kakalia stuli ya muuza bucha, anauliza kila mtu mpira uko wapi. Mimi namba moja, Daktari namba sita. Fundi Baiskeli kati yetu kama mwamuzi, kofia yake mpya juu ya meza.

Nusu saa ya kwanza niliicheza kama nilivyojiandika ukurasa wa kwanza. Na safari hii ni kweli. Niliona pembeni, niliona milango, nilimwona akija kabla hajajua anakuja. Nilimpaka rangi ngazini. Nilimpaka nyuma ya mapipa. Kumi na tisa kwa kumi na saba, mimi mbele! Mjomba akapiga makofi. Yangu! Bibi akasema mjukuu wangu, akiwa hajui anasifu nini. Binti mwenyewe akanigeukia akacheka kwa furaha, akasema kaka leo hukamatiki.

Mapumziko ya maji. Nikaingia kwenye mipangilio kupunguza sauti ya viatu.

Upana wa kuona: tisini na tano.

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Haikuwa tangawizi. Jana alipopita kiti kwa kiti alipita na changu. Hakusema. Hakujigamba. Kanitengenezea kama walivyotengenezewa akina msusi, akaenda zake.

Nikamtazama. Alikuwa anampa Bibi maji.

Nikarudisha sitini. Na mtikisiko.

Nusu ya pili. Dakika ya kumi, mate. Dakika ya kumi na tano, ngazi. Maadui wakubwa wenye mapua wakawa wanakuja mara moja wakiwa puani kwangu, sijui wametokea wapi. Dakika ya ishirini sikuweza kwenda kuangalia hali ya hewa. Hali ya hewa ilitoka yenyewe. Kwenye kofia ya Fundi Baiskeli.

Fundi Baiskeli akafungua kinywa, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akasema ilikuwa mpya.

Bibi akasimama kwenye stuli. Akauliza kwa sauti ya kusikika bucha: kwa hiyo yule rafiki ni wewe?

Arobaini na moja kwa ishirini na mbili. Kiti ni chake.

Baadaye, wakati nasugua meza, binti akaja na tambara lake akasugua upande wa pili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mbona nilirudisha. Aliona kwenye kioo changu alipopita na maji. Nikamwambia sikugusa kitu, mashine ni mbovu. Akasugua mpaka mwisho.

Jumamosi, 9 Agosti

Wameshinda. Chumba cha ghorofani kimepakwa rangi mpaka kwenye dari. Fundi Baiskeli hakukosa, Daktari hakuchoka. Mjomba kacheza barabarani na msusi. Wamembeba binti begani mpaka duka la fundi miwani na kumrudisha, safari mbili, kana kwamba ya kwanza haikutosha.

Kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Eti yeye ndiye aliyemwomba Mjomba nikae karibu nao niwe mchezaji wa akiba. Alimwambia ghala hilo hakuna anayelijua kama kaka. Huruma yake inanuka sabuni. Nilikaa nimekunja mikono, nikiomba umeme ukatike. Umeme wa mtaa huu, unaokatika mtu akipiga chafya, leo ukasimama imara kama askari.

Nimechunguza sababu za kushindwa kwangu jana. Feni ilikuwa imeelekezwa kwake. Stuli ya Bibi ilikuwa inalia. Tangawizi niliuziwa ya zamani. Kofia haikupaswa kuwa pale. Tena nimefikiri kitaalamu: kosa langu ni kubaki katikati. Sitini ni nyembamba lakini si nyembamba ya kutosha! Mwili ukizoea hamsini, hakuna kitakachoutisha tena. Nilipofika leo mashine yangu ilikuwa tisini na tano, mtu kaipanga tena, na kiti kimevutwa nyuma kiasi kile kile. Nimeshusha hamsini. Nimeanza mazoezi. Nimefika dakika tisa. Ndoo iko chini ya meza, binafsi, nimeiandika jina langu la vita.

Wiki zijazo binti ataona. Na kitanda changu cha dirishani nitakirudisha, hilo nina mpango wake, linahitaji siafu.

Sasa kuna neno moja nitaliandika mara moja tu, na ukurasa huu mtu asiuguse. Jana mashine haikuwa mbovu. Nilikuwa nashinda. Nilikuwa naona vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, mwili mwepesi, Mjomba ananipigia makofi, kiti kimebaki nusu saa tu kiwe changu. Niliona tu kwamba aliyenifungulia macho ni yeye, nikaona heri nitapike kwa mkono wangu kuliko nishinde kwa mkono wake.